Mdudu Naye Huugua: Hotuba kuhusu Wadudu, Bakteria na Michungwa Yetu

Naiweka hapa hotuba niliyoitoa Mikocheni, Dar es Salaam, mbele ya wauza matunda, wenye bustani za nyumbani na walimu wa baiolojia, kwa ajili ya walioshindwa kufika. Picha za ukutani nimeziacha.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu wa sokoni, walimu, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoke mapema: asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Hamjambo?

Mbona mnaitikia kama mna njaa? Hamjambo jamani?

Ahsanteni. Mtu wa wadudu akialikwa kwenye mkutano wa matunda, watu hudhani amekuja kuuza dawa ya kupulizia. Sikuja na dawa. (Kicheko.) Nimekuja na neno moja, na nitalirudia mpaka mlikariri: mdudu anayeeneza ugonjwa wa mmea, mara nyingi ugonjwa umempata yeye kwanza. Mdudu naye huugua. Bakteria akishaingia mwilini mwake, jeni za mdudu, yaani maagizo ya urithi yaliyo ndani ya seli zake, hujibu. Nyingine huwaka, nyingine huzimika. Na jibu hilo ndilo linaloamua kama mdudu huyo atauangamiza mchungwa wako au ataunyonya tu na kuondoka zake.

Lakini si kila mdudu. Ndiyo maana nataka tuanzie Kagera kabla ya kurudi huku pwani.

Ninyi mnaochukua ndizi pale Mabibo, Mahakama ya Ndizi, mnaujua mnyauko wa migomba. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na kufikia 2006 ulikuwa umeshaingia Kagera. Zamani zaidi ulijulikana Ethiopia, kwenye enseti, mmea ambao ni ndugu wa mgomba. Majani yanalegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake, ukizikata ndani zina kahawia, na shina likikatwa linatoa uteute wa manjano. Uteute ule umejaa bakteria. Sasa nyuki anakuja kwenye ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu. Pale ambapo vijani vya ua vimedondoka kuna kidonda kibichi, na kidonda kinatoa uteute. Nyuki anaukanyaga, anaruka, anatua mgomba wa jirani, anauacha kwenye kidonda kingine. Kazi imekwisha. Bakteria hakuingia tumboni mwa nyuki, hakugusa seli yake hata moja. Nyuki yule ni bodaboda. Kapakia, kashusha, hajui abiria ni nani wala anakwenda kufanya nini.

Na tiba yake ilifuata ubodaboda huo. Wakulima walifundishwa kuondoa ua dume mapema, baada ya kichana cha mwisho kutoka, tena walivunje kwa kijiti chenye panda na si kwa panga, kwa sababu panga nalo ni bodaboda kuliko hata nyuki. Ukiondoa kituo, safari hakuna. Hukuhitaji kujua jeni za nyuki. Kijiti kilitosha.

Je, kijiti kitatosha kwenye mchungwa? Hakitoshi. Na sababu iko ndani ya tumbo la mdudu mwenye urefu wa milimita tatu.

Naomba niulize. Nani hapa amewahi kupata chungwa dogo, limepinda, upande wa kitako limebaki kijani, akalikata na kukuta mbegu zimesinyaa zimekuwa nyeusi, akaonja likawa chungu? Mikono juu. Naona mikono mingi, na naona mama mmoja ameinua yote miwili. (Kicheko.) Hizo ni dalili za ugonjwa wa kijani wa michungwa. Kwenye majani utaona mabaka ya manjano. Msiharakishe kuhukumu, maana jani likikosa zinki nalo huwa la manjano. Likunje jani kwa urefu, kwenye mshipa wa katikati. Kwa upungufu wa madini, manjano ya upande huu kwa kawaida yanafanana na ya upande ule. Kwa ugonjwa wa kijani, mabaka hayalingani. Kulia hivi, kushoto vile. Hiyo ni kazi ya sekunde mbili na haihitaji maabara, ingawa jibu la uhakika hutoka maabara.

Anayeusababisha ni bakteria aitwaye Liberibakta. Anaishi ndani ya mirija inayoshusha chakula kutoka kwenye majani, na mpaka leo wataalamu wameshindwa kumwotesha peke yake kwenye sahani ya maabara kama wanavyowaotesha bakteria wengine. Anataka mmea ulio hai au mdudu aliye hai. Mdudu wake anaitwa silidi. Wako silidi wawili wanaotuhusu. Wa kwanza ni wa Kiafrika, anapenda baridi ya milimani, na Liberibakta wake naye hapendi joto; nyuzi zikipita 30 dalili zake hufifia. Huyo utamjua kwa majani: tunutu wake, yaani watoto wasio na mabawa bado, wanachimba vishimo upande wa chini, na juu ya jani panatokeza vinundu. Wa pili ni wa Asia, na huyo joto halimsumbui, yeye na bakteria wake. Miaka mingi watu wa mabondeni tulijifariji kwamba ugonjwa wa kijani ni shida ya milimani. Halafu mwaka 2016 watafiti wakaandika kwamba silidi wa Asia amepatikana Tanzania. Bakteria wa Asia naye alikuwa ameripotiwa Ethiopia mwaka 2010. Muheza si mlimani, ndugu zangu. Mkuranga si mlimani. Joto letu halitulindi tena.

Mnataka kujua anaweza kufanya nini? Waulizeni wa Florida, kule Marekani. Silidi wa Asia alionekana kwao mwaka 1998. Bakteria naye akagunduliwa huko mwaka 2005. Msimu wa 2003 hadi 2004, kabla ya hapo, Florida ilivuna masanduku ya machungwa zaidi ya milioni 240. Msimu wa 2022 hadi 2023 hawakufika milioni 20. Nikae kwenye haki: vimbunga navyo viliwapiga, na mashamba mengine yaliuzwa yakajengwa nyumba. Lakini ukimuuliza mkulima wa kule adui yake mkubwa ni nani, atakutajia silidi na bakteria wake. Ndiyo maana wanasayansi walimpasua mdudu huyu kuliko karibu mdudu mwingine yeyote wa matunda. Na mimi nawaletea walichokikuta.

Mfuateni bakteria hatua kwa hatua. Silidi anachoma mrija wa mmea kwa mdomo wake mwembamba, anavuta utomvu, na bakteria anaingia nao mpaka kwenye utumbo. Akibaki utumboni, hana madhara kwa mti wowote. Atatoka na kinyesi basi. Ni lazima avuke ukuta wa utumbo, aingie kwenye damu ya mdudu, aogelee mpaka tezi za mate, avuke ukuta wa pili, ndipo atoke na mate siku silidi anapochoma mti mwingine. Safari hiyo si ya dakika, ni ya siku nyingi, na njiani bakteria anazaliana. Sasa niambieni: bakteria anapita ndani ya seli zako, anazaliana humo, anatokea upande wa pili, mwili wako utanyamaza?

Haunyamazi. Mdudu naye huugua.

Tunajuaje? Hapa walimu mnisaidie kuwatafsiria jirani zenu. Jeni za silidi mwenye bakteria na za silidi safi ni zilezile. Kinachotofautiana ni zipi zinasomwa na kwa kiasi gani. Jeni ikisomwa inatoa nakala za RNA, na kutokana na nakala hizo seli inatengeneza protini. Basi watafiti huchukua silidi mamia, waliolelewa kwenye miti yenye ugonjwa na waliolelewa kwenye miti safi, wanawapasua mmoja mmoja chini ya hadubini kwa vibano vyenye ncha kama ya sindano, wanatoa utumbo, ule utumbo uliojikunja na usiofika hata nusu ya punje ya mchele, wanazikusanya na kuzisoma RNA zote zilizomo. Kisha wanalinganisha. Ni kazi ya mgongo na macho. Mimi nawavulia kofia.

Walichokiona ni kwamba utumbo wa silidi mkubwa aliyeambukizwa umo kwenye dhoruba. Jeni zinazohusu utengenezaji wa nguvu za mwili zimebadilika. Zinazohusu madini ya chuma zimebadilika. Za kinga zimebadilika. Na za kuondoa sumu mwilini, zilezile zinazomsaidia mdudu kuhimili viuatilifu, nazo zimeguswa. Hilo la sumu mlitunze, nitalirudia.

Mwaka 2016 wakaona jambo jingine, hili kwa macho kabisa. Walitia rangi viini vya seli za utumbo. Kwenye silidi safi, viini ni mviringo, vimejipanga. Kwenye silidi wakubwa walioambukizwa, viini vimemeguka vipande, na nyuzi zinazoshikilia umbo la seli zimevurugika. Seli zinajiua. Ndiyo, zinajiua kwa mpangilio, kwa jeni zilizowekwa kwa kazi hiyo. Ni njia ya kale ya mwili kumkosesha mvamizi nyumba. Seli inasema: nikifa mimi, nawe umekwama.

Basi shida imekwisha? Mdudu kajitetea, bakteria kafungiwa utumboni, tukanywe juisi?

Subirini. Mwaka 2018 wakarudia kwa tunutu, watoto wa silidi. Wakawalisha kwenye mti wenye ugonjwa, wakatia rangi, wakatazama. Viini vimetulia, mviringo, vizima. Bakteria yumo, seli hazijali. Mtoto hapigani.

Sikilizeni hapo, maana ndipo ulipo moyo wa hotuba yangu. Miaka mingi ilijulikana kwamba silidi aliyenyonya bakteria akiwa tunutu huwa msambazaji hodari maisha yake yote, na aliyeanza kunyonya akiwa mkubwa huwa msambazaji dhaifu. Ilijulikana, haikuelezeka vizuri. Tofauti hiyo ya utumbo ni sehemu kubwa ya maelezo. Mkubwa anapambana, bakteria wengi wanaishia ukutani. Mtoto anamkaribisha, bakteria anapita kimya kimya, anafika kwenye mate, na siku mtoto anaota mabawa anaruka akiwa tayari amebeba. Mdudu yuleyule, jeni zilezile, bakteria yuleyule. Umri tu ndio umebadilika, na matokeo yake ni shamba zima.

(Makofi.)

Ahsanteni, ingawa wanaostahili makofi ni wenye vibano.

Kuna protini moja siwezi kuipita, kwa sababu tuko Dar es Salaam na soko la samaki la Feri si mbali. Mnajua damu ya pweza ni ya buluu? Inatokana na protini yenye shaba iitwayo hemosianini, inayobeba hewa mwilini. Silidi naye anayo protini ya ukoo huo, na akiambukizwa anaitengeneza kwa wingi zaidi. Kwenye wanyama wengine wa jamii ya kaa na kamba, protini hiyo hushiriki pia kwenye kinga. Kwa hiyo yaonekana mdudu anajaribu. Anajaribu kwa silaha chache alizonazo.

Na kweli ni chache. Swali la mwalimu mmoja kabla sijapanda hapa lilikuwa hili: kwa nini mwili wa silidi haumuui bakteria kabisa? Nzi wadogo wa matunda, wale wanaozunguka ndizi mbivu jikoni, wana mfumo wa kinga mahususi kwa bakteria wa kundi ambalo Liberibakta yumo. Bakteria akigusa, mfumo unawaka, protini za kuua bakteria zinamwagika. Silidi wa Asia, jeni zake ziliposomwa, mfumo huo ulikutwa umekatika katikati. Jeni muhimu hazimo kabisa. Na si yeye wa kwanza. Jeni za kidukari wa njegere, mnyonya utomvu mwingine, zilipochapishwa mwaka 2010, watu walishangaa kukuta naye hana.

Kwa nini wadudu wa kunyonya utomvu waache kinga yao? Utomvu ni sukari na maji, lishe yake duni sana. Silidi hawezi kuishi nao bila msaada. Kwa hiyo tumboni mwake ana kiungo maalumu cha kufugia bakteria wema. Mmoja anaitwa Carsonella, anamtengenezea virutubisho vya kujenga protini ambavyo utomvu hauna. Carsonella wa silidi mwingine, jamaa yake huyu, jeni zake ziliposomwa mwaka 2006 zilikuwa na herufi kama 160,000 tu, wakati bakteria wa kawaida wa tumboni mwetu ana zaidi ya milioni nne. Wa pili anaitwa Profftella, na huyo anatengeneza sumu ambayo inadhaniwa kumlinda silidi. Bakteria hawa wanarithiwa kutoka kwa mama kupitia yai. Sasa mwenye wageni wa kudumu ndani hawezi kuweka ulinzi unaopiga kila bakteria, angewapiga wanaomlisha. Hayo ndiyo maelezo ambayo wengi tunayaona yana uzito. Na Liberibakta kaukuta mlango hauna komeo.

Nifupishe? Hapana? Mzee wa mbele anatikisa kichwa, basi naendelea.

Mgeni huyu hali bure. Analipa kodi, tena analipa kwa njia ya ujanja. Silidi jike aliyeambukizwa hutaga mayai mengi kuliko aliye safi, na watoto hukua haraka zaidi. Maisha yake mwenyewe hufupika. Mwaka 2024 watafiti wa China walieleza njia mojawapo. Wadudu wana homoni inayoamuru akiba ya mafuta mwilini itumike. Kwenye jike aliyeambukizwa, mnyororo wa homoni hiyo unavutwa, mafuta na homoni ya uzazi vinahamishiwa kwenye mayai. Walipoizima jeni ya homoni hiyo, mayai yalipungua, na bakteria kwenye vifuko vya mayai wakapungua vilevile. Maana yake bakteria ameshika usukani wa uzazi wa mdudu, na wote wawili wanafaidi: mdudu anapata watoto, bakteria anapata wasambazaji.

Na mti nao umeingizwa kwenye mchezo. Mchungwa ulioambukizwa hutoa hewani kwa wingi kemikali iitwayo methili salisileti. Mnaijua, hata kama jina hamlijui: ndiyo harufu ile kali ya dawa za kuchua misuli, inayojaza daladala nzima akipanda mtu mwenye mgongo mbovu. (Kicheko.) Silidi wanavutwa na harufu hiyo, wanatua kwenye mti mgonjwa. Wanaonja, wanakuta lishe mbovu, wanahamia mti wenye afya. Na silidi mwenye bakteria, ilionekana mwaka 2015, huwa na hamu zaidi ya kuruka kuliko aliye safi. Anaitwa ili aje, anaambukizwa, anasukumwa aende. Nani kapanga ratiba hiyo? Hakuna aliyepanga, ni maelfu ya vizazi vya bakteria ambamo waliofanikiwa kusafiri ndio waliobaki.

Nisiwaache watu wa minazi. Nyie mlio na minazi Kigamboni, Mkuranga na Bagamoyo mnaujua ule ugonjwa unaodondosha nazi changa, kisha makuti yanageuka manjano, kisha kilele kinaoza na mnazi unabaki nguzo. Ugonjwa huo ndio uliowashughulisha sana watu wa mradi wa taifa wa minazi ulioanza mwaka 1979, na kituo cha utafiti hapa Mikocheni kimetokana na mradi huo. Anayesababisha ni fitoplazma, bakteria asiye na ukuta wa seli. Mwaka 2000 watafiti walitoa taarifa kwamba DNA yake, yaani chembe zake za urithi, imepatikana ndani ya wadudu wa aina mbili wanaonyonya minazi, na mmoja jina lake la kisayansi limebeba jina la Mkuranga. Kukutwa na DNA tumboni si sawa na kusambaza. Mnakumbuka kuta mbili?

Wajapani walilionyesha hilo vizuri mwaka 2006, kwa fitoplazma wa vitunguu. Walichukua protini inayofunika mwili wa bakteria, wakaijaribu kwenye utumbo wa wadudu wa aina mbalimbali. Kwa wadudu wanaosambaza, protini ilinasa kwenye nyuzi za misuli ya utumbo. Kwa wasiosambaza, haikunasa. Ufunguo wa bakteria lazima ukutane na kitasa cha mdudu. Na bakteria mwenyewe naye hubadilika: fitoplazma huyohuyo akitoka kwenye mmea na kuingia kwa mdudu, karibu theluthi moja ya jeni zake hubadilisha kiwango cha kusomwa. Ni mazungumzo ya pande mbili.

Sasa basi. Mama mmoja ataniuliza: mwanangu, haya yote yananisaidiaje mimi mwenye michungwa kumi na mbili nyuma ya nyumba?

Yanakusaidia hivi. Kwanza, adui yako mkuu ni tunutu. Tunutu wanakaa kwenye machipukizi tu, kwa sababu silidi hutaga kwenye majani machanga yasiyofunguka bado, na jike mmoja anaweza kutaga mayai mamia. Kwa hiyo mvua ikinyesha na mchungwa ukachipua, hapo ndipo pa kuangalia. Pindua kichipukizi. Mayai ni ya manjano ya machungwa, madogo kama vumbi. Tunutu ni bapa, na wa Asia hutoa nyuzi nyeupe za nta zilizojisokota. Mkubwa utamtambua kwa mkao: kichwa chini, makalio juu, kama anayesujudu vibaya. Ukikuta kichipukizi kimejaa, kikate, kitie kwenye mfuko, uufunge, uache juani. Unaua kizazi ambacho kingeruka kikiwa kimebeba.

Pili, sumu. Niliwaambia mlitunze. Kupulizia mkubwa anayeruka, kila wiki, dawa ileile, ni kuwachagua wale ambao jeni zao za kuondoa sumu ni kali zaidi. Florida wamelipitia hilo na silidi wao wakaonyesha usugu. Unaua pia nyigu wadogo wanaotaga kwenye mwili wa tunutu. Kisiwa cha Réunion, hapa hapa Bahari ya Hindi, kilikuwa na silidi wote wawili, wa Afrika na wa Asia. Miaka ya 1970 walileta nyigu wa aina mbili, kila mmoja na silidi wake, na silidi wakashushwa mpaka wakaacha kuwa tishio. Nasema wazi kwamba kisiwa si bara. Huku wadudu wana pa kukimbilia, na nyigu wetu wana maadui wao. Lakini nikichagua kati ya nyigu na bomba la kupulizia, mimi naanza na nyigu.

Tatu, hili bado liko maabara. Kama jeni ikizimwa mayai yanapungua, je, tunaweza kuizima shambani? Njia inayojaribiwa ni vipande vya RNA vyenye nyuzi mbili, vilivyoandikwa kulingana na jeni moja ya silidi. Akivinyonya, mwili wake wenyewe unakata nakala za jeni hiyo. Faida yake ni kwamba nyuki hadhuriki kama vipande vimechaguliwa vizuri. Taabu yake ni gharama, na RNA haikai sana juani. Msimwamini mtu atakayekuja sokoni na chupa akisema ndiyo hiyo. Hajafika huyo.

Na miche. Jamani, miche! Silidi anaruka kwa mabawa yake, miche inapanda lori. Mche wa mlimau wa shilingi chache unaouziwa kando ya barabara, hujui mama yake ni mti gani, unaweza kuwa na bakteria miezi mingi kabla ya jani moja kuonyesha baka. Vilevile mti wa majani ya kari mnaotia kwenye mchuzi wa samaki: silidi wa Asia anazaliana juu yake vizuri kabisa. Ukihama nyumba, usihame nao bila kuukagua.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Hadubini mbili ziko meza ya kushoto, na moja ina tunutu wa silidi wa Kiafrika, hai, kwenye jani lenye vishimo. Watoto watangulie, halafu mama zangu, halafu wengine. Wenye vichipukizi mlivyokuja navyo kwenye mifuko, msiifungue humu ndani. Leteni kwangu nje, tufungulie pale kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Maswali nitayapokea hapohapo.